Kocha wa kukodi amebisha hodi kituoni. Nimpokee?

Shikamoo shangazi,

Nina kituo cha kulea watoto baada ya shule hapa Tabata. Watoto wapo 34, mdogo kabisa ana miaka 5, wakubwa wana 12. Wanaanza kuingia saa nane mchana, wengine kwa miguu, wengine kwa bajaji za mkataba, na wazazi wanawafuata kuanzia saa kumi na moja na nusu. Anayetoka Posta au Kariakoo akikutana na foleni, anafika kwangu saa moja usiku. Tuko mimi na dada watatu. Watoto wanakula, wanafanya kazi walizopewa shuleni, halafu wanakaa. Hapo kwenye kukaa ndipo pananisumbua. Uwanja ninao, una mwembe mkubwa pembeni, lakini wengi wanaishia barazani wakigombania simu ya dada waangalie katuni.

Sasa imekuja kampuni ya makocha. Wanataka kufundisha mpira na karate Jumanne na Alhamisi, saa tisa hadi saa kumi. Bei ni shilingi 20,000 kwa mtoto kwa mwezi, na watacheza wale tu ambao wazazi wao wamelipa. Nikauliza kwenye grupu la wazazi. Wazazi wa watoto 15 wamekubali, wengine wako kimya, na mama mmoja amenipigia pembeni kuniambia hela hiyo hana na mwanawe ameshaanza kumuuliza. Makocha wanataka pia kuwapiga picha watoto waziweke mtandaoni, na Jumamosi kuwachukua wakubwa kwa Noah kwenda kuogelea kwenye bwawa la hoteli.

Ninachokiogopa ni kilichotokea kituo kimoja mtaa wa pili. Walikuwa na kijana anafundisha mpira, watoto wanampenda. Siku moja katikati ya mazoezi akapokea simu, akatoka nje ya geti. Watoto wakaning'inia kwenye goli la mabomba aliloleta mwenyewe, likadondoka na kumpiga mtoto begani. Dada wa kituo walikuwa ndani wanaosha vyombo, maana walijua watoto wana mwalimu. Mzazi alipokuja juu, mwenye kituo hakuwa na hata karatasi yenye jina kamili la yule kijana.

Mume wangu anasema nichukue tu, wazazi wa siku hizi wanapenda kuona makocha wenye jezi. Dada zangu wanasema afadhali waje, kwa sababu wao si walimu wa michezo. Mimi nimebaki njia panda. Nifanyeje?

Mama Kituo, Tabata

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi. Mzazi aliyebanwa kwenye daladala saa kumi na mbili jioni huku akijua mwanawe ameshakula na ana mtu wa kumwangalia, ana mengi ya kukushukuru.

Mpokee kocha, ila usipokee masharti aliyokuja nayo. Mawili nayakataa tangu mwanzo: watoto 15 kucheza huku 19 wakiwatazama, na dada zako kuingia ndani kwa kuwa eti mwalimu yupo uwanjani. Yaliyobaki yanazungumzika.

Nianze na hela, maana hapo ndipo pataumiza watoto kabla hata mpira haujapigwa. Fikiria Jumanne ya kwanza. Kocha anatoa karatasi mfukoni, anaita majina ya waliolipiwa, anawagawia vizibao vya njano. Binti wa miaka 6 ambaye jina lake halimo anabaki barazani na sare yake ya shule, rafiki yake wa kukaa naye dawati moja ameshakimbilia uwanjani. Hakuna atakayemweleza kitu, na atakuwa ameelewa. Wiki ya pili atakuwa anamlilia mama yake kwa hela ambayo mama hana, na wewe umeshapokea simu ya kwanza ya namna hiyo. Kituo chako kinawapa wote ugali uleule na maharage yaleyale. Mchezo nao uwe hivyohivyo.

Piga hesabu upya. Watoto 15 kwa 20,000 ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Kwa vipindi vinane, kampuni ilikuwa tayari kuja kwa shilingi 37,500 kwa kipindi. Hiyo ndiyo bei ya muda wa kocha, na ndiyo ya kuijadili naye, achana na bei ya kichwa kwa kichwa. Mwambie unataka kituo kizima, saa moja na nusu kila anapokuja, kwa malipo ya jumla ya mwezi. Hata akipandisha hadi 400,000 kwa sababu muda umeongezeka, ukigawa kwa watoto 34 haifiki 12,000 kwa mtoto. Iingize kwenye ada ya kila mwezi kuanzia muhula ujao, uwatangazie wazazi mapema. Wale 15 waliokubali 20,000 watafurahi kuona imepungua. Yule mama aliyekupigia, kaa naye faragha, mpunguzie kadiri unavyoweza, na jambo hilo lisifike kwa dada, kwa kocha wala kwenye grupu. Kampuni ikishikilia kwamba inafundisha waliolipa tu, waage kwa heri. Makocha Dar hii ni wengi.

Sasa habari ya dada. Hao wa mtaa wa pili hawakuponzwa na goli peke yake. Watu wazima wote wa kituo walijitoa siku hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake anaangalia. Kocha ni mgeni. Hajui kwamba Fulani akikasirika hukimbilia getini, wala kwamba yule mdogo haombi ruhusa ya kwenda chooni mpaka ajikojolee. Dada anajua. Kwa hiyo dada awepo uwanjani kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho, simu iwe mfukoni, na vyombo vioshwe baadaye. Na mtoto yeyote asibaki peke yake na kocha: si chooni, si stoo kuchukua mipira, si kwenye kona ya ukuta kufungwa bandeji. Sisemi hivyo kwa kumshuku mtu. Kocha mwema huulinda utaratibu huo kuliko hata wewe, kwa sababu unamlinda na yeye.

Watu wazima wangapi? Shirika la Uingereza linaloshughulikia ulinzi wa watoto, NSPCC, linashauri mtu mzima mmoja kwa watoto 6 wenye miaka 4 hadi 8, na mmoja kwa watoto 8 wenye miaka 9 hadi 12. Si sheria ya kwetu, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia. Tuseme wadogo wako ni 17 na wakubwa 17. Wadogo wakiwa na kocha, wape na dada wawili, hapo umepata mmoja kwa watoto wasiozidi sita. Wakubwa 17 wabaki na dada wa tatu pamoja na wewe mwenyewe, unazidi kipimo kwa mtoto mmoja tu. Umeona wapi hesabu inapokupeleka: siku za kocha mwenye kituo hawezi kuwa mezani anaandika risiti. Dakika 40 wadogo, dakika 10 za kubadilishana na kunywa maji, dakika 40 wakubwa, saa moja na nusu imetimia.

Kuhusu kumjua huyo unayemwingiza, kuna jambo wenye vituo wengi hulipuuza. Anayekuja kuuza huduma, mwenye shati la kola na maneno matamu, mara nyingi siye atakayekuja Jumanne. Atakuja kijana wake, na mwezi ujao kijana mwingine. Wewe taka jina la atakayesimama mbele ya watoto, kitambulisho chake cha NIDA na nakala yake ibaki faili lako, namba yake na ya ndugu yake, na cheti cha tabia njema kutoka Polisi. Kule Australia mtu hafanyi kazi na watoto mpaka apite ukaguzi maalumu wa serikali na kupewa kibali chake. Sisi cheti cha Polisi ndicho kilicho karibu yetu, basi kitumike. Siku akija mwingine asiye kwenye faili, mshukuru, arudi, na watoto wacheze na dada. Mara ya kwanza utaona aibu. Vumilia aibu hiyo.

Kampuni yenyewe ikuonyeshe usajili wake wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na TIN, namba ya mlipakodi, na malipo yake uyapatie risiti. Wa mpira muulize kama amepita kozi za ukocha za TFF, shirikisho la mpira wa miguu, walau ile ya mwanzo ya Diploma D. Wa karate akuambie yuko chama gani na nani alimpa mkanda wake. Hata hivyo cheti cha kufundisha timu hakimwambii mtu jinsi ya kumtuliza mtoto wa miaka 6 aliyenyang'anywa mpira. Kwa hilo pigia simu vituo viwili alikowahi kufundisha, uliza swali moja: mngempokea tena? Sikiliza atakayesitasita kabla ya kujibu. Na kama kampuni hii ikikushinda, watafute waliosomea elimu ya michezo, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au chuo cha michezo cha Malya kule Mwanza. Wapo wanaotafuta vipindi vya jioni, na hao wamesomea jinsi mtoto anavyojifunza kutumia mwili wake.

Halafu omba kipindi kimoja cha majaribio, na siku hiyo usiangalie mchezo wote. Chagua mtoto mmoja tu, yule asiyejipeleka mbele, umfuate kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho ukiwa na saa. Utajifunza kuliko kwenye makaratasi yote. Ukikuta amesimama kwenye mstari wa watoto kumi na wawili wanaosubiri mpira mmoja, anachora mchangani kwa kidole cha mguu, akaugusa mpira mara tatu katika dakika 40, umelipia foleni nyingine tena ndani ya Dar. Viwango ambavyo chama cha Marekani cha watu wa vituo vya baada ya shule, National AfterSchool Association, kilivipitisha mwaka 2011 vinataka walau nusu ya muda wa mchezo mtoto awe anatumia nguvu kweli, ahemee juu juu. Kocha anayejua kazi anagawa watoto vikundi vya wanne wanne, mipira mingi, kuzungumza kidogo. Angalia pia anavyowachukulia wanaokosea. Anayempa mtoto pushapu kama adhabu, au anayemcheka mnene mbele za wenzake, asirudi. Mtoto akishauona mwili wake kuwa jambo la aibu akiwa na miaka 8, hutamrudisha uwanjani kwa urahisi.

Na mabinti wako wa miaka 10 na kuendelea wako wapi katika mpango huu? Barua yako haikuwataja. Mpira na karate wapo watakaovipenda sana, wapo watakaojitenga barazani. Waulize wao wenyewe kabla ya kusaini chochote. Kama wanataka netiboli, kamba au rede, kocha ajifunze rede. Aliyevaa hijabu acheze na hijabu yake ikiwa imebanwa vizuri, na mwenye madrasa alasiri apangiwe kundi litakalomruhusu kuwahi.

Saa tisa mchana siikubali. Januari na Februari joto la Dar linapita nyuzi 30, unyevu wa bahari juu yake, na mchanga wa uwanjani unachoma kanda mbili zikivuliwa. Jua letu huzama baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, kwa hiyo anza saa kumi, umalize saa kumi na moja na nusu, wakati wazazi wa kwanza wanabisha hodi. Na wazazi wakiwakuta watoto uwanjani hakuna ubaya, watajionea hela yao inakokwenda. Ndoo ya maji yenye koki ikae chini ya mwembe, kila mtoto na kikombe chake, wanywe kabla hawajasikia kiu. Masika, Machi hadi Mei, mkubaliane mapema mvua ikinyesha nini kitafanyika: kocha awe na michezo ya ndani au kipindi kihamishwe. Asipolijua hilo atakuja, atakaa, atalipwa.

Hapa nakuomba uwe makini kuliko sehemu nyingine yoyote ya barua hii. Kabla ya siku ya kwanza, kila mzazi akujazie karatasi: mtoto ana pumu? Ana selimundu, yaani sikoseli? Ana kifafa, ana ugonjwa wa moyo? Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na selimundu, na kwa watoto 34 si ajabu ukawa naye mmoja. Mtoto huyo anaweza kucheza, na acheze, lakini kuishiwa maji mwilini na kukimbizwa kupita kiasi kunaweza kumwamshia maumivu makali ya kumlaza hospitali. Anywe maji mara kwa mara, apumzike anapotaka bila kuulizwa maswali, na kocha asimwambie "kaza, wewe mwanaume". Mwenye pumu, dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni kwa dada aliyeko uwanjani, isifungiwe kabatini ofisini. Kocha aijue orodha hiyo, ila isibandikwe ukutani.

Goli la mabomba lisiingie getini kwako kama halijafungwa chini kwa vigingi au kulemewa na mifuko ya mchanga. Magoli yasiyoshikizwa yameshaua watoto katika nchi mbalimbali, na huanguka hivyohivyo, mtoto akining'inia. Kwa watoto hawa koni mbili zinatosha kabisa. Kila siku kabla ya mchezo dada azunguke uwanja mzima aokote vioo, misumari na mawe.

Nimewaacha dada zako mpaka hapa kwa sababu nina neno nao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya ahemee. Kwa siku, mwanangu. Kocha wa Jumanne na Alhamisi, hata awe hodari vipi, anawaachia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zikiwa tupu, na simu ya katuni inawasubiri palepale. Hao dada wanaosema si walimu wa michezo, waulize kama hawajawahi kucheza kombolela. Kidali po je? Rede, kamba, mdako, ukuti? Wamekulia kwenye michezo hiyo, sheria zake wanazijua usingizini, na haihitaji jezi. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia kwamba hiyo nayo ni kazi, na inahesabika. Waambie, halafu uwalipe kwa kazi hiyo, hata kama ni nyongeza ndogo, maana kukimbia na watoto baada ya kupika na kuosha si mchezo kwa anayefanya. Na kwenye mkataba wa kocha weka sharti hili: kila kipindi dada mmoja anacheza pamoja naye, na kila mwezi kocha anawaachia dada michezo miwili mipya wanayoweza kuiendesha wenyewe. Kama baada ya muhula mmoja bado watoto hawachezi mpaka kocha aje, umekodi kocha, kituo hakijapata kitu.

Picha: hapana, mpaka mzazi wa mtoto huyo mahususi asaini ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na sura ya mtoto mwenye sare ya shule inayojulikana ni taarifa inayomwonyesha anakopatikana. Kampuni ikitaka matangazo ipige picha koni zake.

Bwawa la Jumamosi: hapana kabisa kwa sasa. Ni siku ambayo kituo chako hakifanyi kazi, gari si lako, na watoto wa kuogelea wanahitaji macho mengi kuliko wa mpira, kwa sababu mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mzazi anayetaka mwanawe aogelee ampeleke mwenyewe.

Dada na watoto wote wajue pia pa kusemea jambo lisilo sawa likitokea, kwa kocha au kwa mtu yeyote. Namba 116 ya Huduma kwa Mtoto inapigwa bure. Kituo cha polisi kina Dawati la Jinsia na Watoto. Iandike 116 kwa tarakimu kubwa karibu na bomba la maji, mahali ambapo kila mtoto anapita. Na afisa ustawi wa jamii wa kata yako mpitie wiki hii, umweleze unachokusudia kufanya, akuambie kama kuna linalotakiwa kwenye usajili wako. Ni afadhali akufahamu kwa habari njema.

Mkataba uwe wa miezi mitatu, uandikwe kwa Kiswahili ambacho dada zako wanaweza kukisoma, wenye jina la kocha, saa, malipo ya jumla, nani analipia matibabu mtoto akiumia, na kifungu kinachokuruhusu kuuvunja siku ileile ukikuta amewaacha watoto peke yao. Rasimu wakikuletea, usisaini papo hapo. Nitumie niisome kwanza, na mwambie mume wako jezi tutazijadili baadaye.

Shangazi